Uwekevu, Ubahili na Kitabu cha Shosho

Kiswahili kina maneno mawili ambayo kwa mbali yanafanana: uwekevu na ubahili. Mwekevu hatumii pesa bila sababu. Bahili hatumii hata pale sababu ipo. Kwenye kamusi tofauti iko wazi. Shida ni kwamba ukisimama dukani na mia tano mkononi, hakuna mtu wa kukuonyesha uko upande gani. Wote wawili wanarudisha kitu kwenye rafu. Wote wawili wanatoka nje na pesa zao mfukoni, na wote wawili wanajiona wana akili.

Tofauti hiyo imenisumbua kwa sababu ya kitu kidogo sana: mapambo ya kitabu cha kumbukumbu. Namaanisha kile kitabu chenye kurasa ngumu ambacho mtu hubandika picha, tiketi, kadi na barua, akaandika maneno machache kando, kisha akapamba kwa riboni, stika, vifungo, lesi, maua yaliyokaushwa na chochote kinachoshikika kwa gundi. Ingia duka la vifaa vya sanaa kwenye mall yoyote kubwa ya Nairobi uone bei. Pakiti moja ya stika ni sawa na chakula cha mchana cha siku mbili. Karatasi zenye maua zinauzwa moja moja, kama mayai. Ukijaza kikapu jinsi video za mtandaoni zinavyokushauri, utakuwa umemaliza pesa za wiki mbili kabla hujachapisha picha hata moja.

Kwa hivyo watu huuliza: nitapunguzaje gharama? Ni swali zuri na lina majibu mengi. Lakini nyuma yake kuna swali jingine ambalo halijibiwi na orodha ya maduka ya bei nafuu. Je, kuna vitu ambavyo si haki kuvifanyia uwekevu? Kama kitu ni cha mapenzi, au cha kumbukumbu ya mtu, ukipunguza bei yake umepunguza nini?

Kwetu swali hilo lilikuja na jina la mtu. Shosho yetu, anayeishi upande wa Limuru, ameanza kusahau. Kwanza alisahau siku, kisha akaanza kuwaita wajukuu kwa majina ya watoto wake. Mamangu na shangazi zangu wakaamua tumtengenezee kitabu: sura za watu wake, majina yakiwa chini kwa herufi kubwa, na vitu vidogo vya maisha yake ambavyo angeweza kuvigusa. Mimi nikapewa kazi ya vifaa. Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la familia kwamba hatutanunua mapambo ya dukani, tutakusanya vipande vya nguo, vifungo na makaratasi ya nyumbani.

Binamu yangu akajibu baada ya dakika mbili: "Sasa Shosho tunampea takataka kweli?"

Nataka kulichukua swali lake kwa uzito, maana halikuwa la kijinga. Alieleza baadaye, na hoja yake ilikuwa hii. Katika nchi hii mtu akifa, tunachapisha programu ya mazishi kwa karatasi inayong'aa, rangi kila ukurasa, mia mbili au mia tatu, na hakuna anayeuliza bei mara mbili. Zinasomwa saa moja, halafu nyingine zinageuzwa kofia ya jua pale pale kaburini. Sasa mtu bado yuko hai, bado anaweza kushika kitabu chake mwenyewe, ndipo tunakumbuka kubana matumizi? Mbona uwekevu wetu unawaanza walio hai?

Sikuwa na jibu la haraka. Hata leo sidhani hoja hiyo inajibika yote. Kuna ukweli ndani yake ambao kila familia ya Kenya inaujua: gharama ni lugha. Ukimletea mtu kitu ulichokihangaikia, umemwambia jambo. Ukimletea kilichobaki, pia umemwambia jambo. Kusema "kutoa ni moyo" hakufuti hilo, kwa sababu methali hiyo pia ni kichaka kizuri cha mabahili kujifichia.

Lakini tuangalie hivi vitabu vimetoka wapi, maana binamu alidhani mapambo ya dukani ndiyo asili na vipande vya nyumbani ni nakala ya maskini. Historia inasema kinyume. Marekani katika karne ya 19 nyumba nyingi za watu waliojua kusoma zilikuwa na kitabu cha kubandika, na wengi hawakununua kitabu kipya. Walibandika juu ya kurasa za vitabu vya zamani: vitabu vya hesabu vilivyokwisha kazi, ripoti za serikali ambazo hakuna aliyetaka kuzisoma. Mark Twain, yule mwandishi, alipata hataza mwaka wa 1873 ya kitabu chenye mistari ya gundi iliyopakwa tayari, unalowesha tu na kubandika. Alitaka kuokoa watu na kero ya gundi. Kilichobandikwa chenyewe kiliendelea kuwa vipande vya magazeti na makaratasi ya nyumbani.

Anayenigusa zaidi katika historia hiyo ni William Henry Dorsey, Mmarekani mweusi wa Philadelphia. Alitengeneza karibu vitabu 400 vya namna hiyo, akikata habari za watu weusi kutoka magazetini na kuzihifadhi. Ukizitazama moja moja ni karatasi ambazo kesho yake zingefungia nyama. Zikiwa pamoja ni kumbukumbu ya watu ambao nchi yao haikuwa na haja ya kuwakumbuka. Hakuna stika ya dhahabu inayoweza kuongeza chochote pale.

Biashara ya mapambo tunayoijua leo ilikuja juzi. Mwaka wa 1980 familia moja ya Utah, akina Christensen, ilionyesha albamu zake kwenye mkutano wa kumbukumbu za ukoo mjini Salt Lake City. Watu wakavutiwa, familia ikafungua duka, na baada ya hapo soko likakua: karatasi za mandhari, mashine za kukata maumbo, stika za kila sherehe. Sisemi soko hilo ni ovu. Nasema tu kwamba mtu anayeona aibu kutumia kifungo cha shati la zamani anaona aibu ya kitu ambacho ndicho kilikuwa kazi yenyewe tangu mwanzo.

Na si lazima twende Marekani kutafuta ushahidi. Leso tunayoifunga kiunoni, inasimuliwa pwani, ilianza kwa wanawake wa karne ya 19 walionunua vitambaa vya leso vya mkononi, wakavishona pamoja hadi vikawa nguo moja. Jina lenyewe limetoka kwa Wareno. Vipande vilishonwa, vikapendeza, baadaye viwanda vikaiga. Mjini Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor alijulikana kwa kukata picha na kuziunganisha upya hadi zikawa kitu kingine kabisa. Makasi na gundi si sanaa ya kuazima.

Kwa hivyo jibu la kwanza nililompa binamu lilikuwa kwamba takataka si aina ya kitu. Ni hali ya kitu ambacho hakuna anayekijua. Kifungo barabarani ni takataka. Kifungo hicho hicho kikitoka kwenye sweta ambayo Shosho alimfumia babangu akienda shule ya bweni, ni ushahidi. Stika ya mall iliyoandikwa "familia" kwa dhahabu imetengenezwa imfae mtu yeyote, na kwa sababu hiyo haimtaji mtu yeyote. Ukiibandika kwenye kitabu chetu au cha jirani, inasema jambo lile lile. Tunailipia zaidi, inatuambia kidogo.

Mfano bora tuliupata ndani ya Biblia ya Shosho. Tulipokuwa tunatafuta picha, tulikuta noti tatu za shilingi elfu moja, zile za zamani. Mnaikumbuka ile ya 2019: tarehe 1 Juni serikali ikatangaza noti mpya, na baada ya 30 Septemba noti za zamani za elfu zikawa karatasi. Shosho alikuwa ameweka akiba yake pale, labda ya kanisa, labda ya siku ya shida, na siku ilipofika hakuna aliyejua iko wapi. Shilingi elfu tatu zilikuwa zimelala kati ya Zaburi na Mithali zikageuka rangi tupu. Tulibandika moja. Ndiyo pambo ghali kuliko yote kitabuni na ndilo lisilonunua kitu. Kila nikiiona nakumbuka kwamba bei ni makubaliano ya watu, na makubaliano yana tarehe ya mwisho. Kile alichokuwa anafanya Shosho, kuweka kando kidogo kwa ajili ya watu wake, hakina.

Mpaka hapo ningeweza kumalizia na kusema: tumieni vya nyumbani, ni bora na ni bure. Watu wengi wanaoandika kuhusu kubana matumizi huishia hapo. Mimi nadhani hapo ndipo maadili yanaanza, kwenye hilo neno "bure".

Aristotle, alipoandika kuhusu ukarimu, aliuweka katikati ya ubadhirifu na ubahili. Hiyo sehemu hunukuliwa sana. Sehemu inayosahaulika ni kwamba hakuangalia tu jinsi mtu anavyotoa, aliangalia pia anapata kutoka wapi. Mkarimu, kwake, hachukui pale asipopaswa kuchukua. Ukiitafakari hiyo, swali la kuokoa pesa linabadilika. Si tena "nimelipa kiasi gani?" Ni "kama mimi sikulipa, nani amelipa?"

Chukua vitambaa. Kila mtu atakwambia nenda kwa fundi wa nguo umwombe mabaki ya vitenge, atakupa bure, kwake ni uchafu. Mimi nilienda kwa mama anayeshona karibu na stage yetu. Ana gunia la mabaki chini ya cherehani, na nilipomuuliza akacheka: hayo mabaki anayauza. Kuna wanaoyanunua kujazia mito, kuna wanaoshona mifuko na mikeka ya miguu, na vipande vikubwa yeye mwenyewe huvigeuza riboni za nywele za watoto. Nikimwambia "si ni takataka tu, mama", nitakuwa nimeshusha bei ya kazi yake kwa kuipa jina baya. Tuliongea, nikalipa mia mbili kwa mfuko mdogo, akanichagulia rangi mwenyewe. Mia mbili haikunitajirisha wala kunifilisi. Ilifanya tu kwamba zawadi ya Shosho isianze kwa kumnyang'anya mama mwingine.

Chukua uchapishaji. Pale mjini, kwenye barabara za chini kama River Road, kuna vijana wanaochapisha picha, na ukijua kubargain utamshusha kijana kutoka thelathini hadi ishirini kwa picha. Picha arobaini, umeokoa mia nne. Lakini zile shilingi kumi zilikuwa zinakaa wapi? Kwenye wino na kwenye karatasi. Akikubali ishirini, atarudisha zake kwa kukutumia karatasi nyepesi na wino wa bei ya chini, na atakuwa na haki. Kuna bei ambayo ukiivuka, hujamshinda muuzaji. Umemfundisha kukudanganya.

Chukua picha za mtandaoni. Ni rahisi sana kushuka hadi kwa jamaa wa saiba na michoro mizuri uliyoikuta kwenye ukurasa wa msanii fulani wa Nairobi, ukaichapisha, ukaikata, ukabandika. Hakuna atakayejua. Lakini huyo msanii anauza stika hizo hizo, na anasubiri M-Pesa ilie kama wewe unavyosubiri. Sijui kwa nini watu ambao hawawezi kuchukua nyanya ya mama mboga bila kulipa huwa wanaona mchoro ni kama hewa.

Halafu kuna mlipaji wa tatu, na huyu ndiye tunamwona kidogo zaidi: yule anayelipa kwa saa zake. "Tutatengeneza wenyewe" ni sentensi isiyo na mtenda. Kwetu, "wenyewe" walikuwa mamangu, shangazi yangu mdogo na mimi, Jumamosi nne, kuanzia saa nane hadi giza. Kukata, kupiga pasi vitambaa, kuosha vifungo, kukausha maua ya bogonvilia ndani ya vitabu vizito, kuandika majina. Wanaume wa familia walituma gif za kupiga makofi. Nilihesabu zile saa siku moja nikashangaa: kama tungelipana hata nusu ya kibarua cha siku, kitabu chetu cha "bei rahisi" kingekuwa ghali kuliko kile cha mall. Kazi nyingi tunazoziita za bure nchini hapa ni hivyo. Hazikukosa bei, zimekosa mtu wa kuiuliza. Sina tatizo na kutoa saa zangu kwa Shosho. Nilizitoa kwa moyo. Nina tatizo na mtu kuziona kama hazikutolewa.

Nilimwambia binamu hivyo kwenye grupu, kwa heshima, kwa sababu shangazi wote wanasoma. Jumamosi ya tatu alikuja. Alikata kadi ya harusi ya wazazi wake kama mtu anayekata ukucha, ulimi nje, na hakuna aliyemcheka sana.

Sasa nije kwenye jambo la mwisho, ambalo ni la kiufundi lakini kwangu ni la kimaadili pia. Kuna uwekevu unaomwibia mtu ambaye bado hajafika: yule atakayefungua kitabu baada ya miaka thelathini.

Tangazo la kifo cha babu, lililokatwa kwenye gazeti, tulilikuta limekuwa rangi ya chai ya rangi. Sababu inajulikana. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na ndani yake hubaki kitu kinachoitwa lignini. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka manjano, karatasi ikawa na asidi, ikavunjika kama kaukau. Mbaya zaidi, asidi hiyo huhamia kwenye kilicho jirani. Ukibandika picha ya harusi juu ya karatasi ya aina hiyo, umeiweka kitanda kimoja na mgonjwa. Selotepu nayo inashika leo, kesho inakauka na kuacha doa la kahawia ambalo halitoki. Zile albamu za zamani za kurasa za kunata zenye plastiki juu, ambazo kila sebule ya miaka ya themanini na tisini ilikuwa nazo, zimeharibu picha nyingi: gundi yake hushika picha hadi haing'oki bila kuchanika. Na plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu kali ya dukani, hutoa kemikali zinazodhuru picha taratibu.

Ndiyo maana nadhani tunabana pesa mahali pabaya. Mtu ananunua stika za dhahabu kisha anabandika kila kitu kwenye manila ya bei ya chini kwa selotepu. Pesa imeenda kwenye kinachoonekana leo, kinachobeba kimeachwa kife. Ni kama nyumba ya kupanga iliyopakwa rangi upya huku mabomba yanavuja ukutani. Tukageuza: tukawa wachoyo kwa mapambo, wakarimu kwa karatasi.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Karatasi ngumu zisizo na asidi, ishirini: 1,200. Picha arobaini kwa kijana wa River Road, bila kubargain, kwenye karatasi halisi ya picha: 1,200. Gundi isiyo na asidi: 250. Kufunga kitabu kwa uzi: 400. Mabaki ya vitenge: 200. Jumla 3,250. Mapambo yote ya kitabu kizima yalitugharimu mia mbili, na sehemu kubwa ya zilizobaki ilienda kwenye vitu ambavyo hakuna atakayevisifu. Gazeti la babu tulilipiga kopi, tukabandika kopi, lenyewe likakaa kwenye bahasha yake. Na kwa kuwa Limuru kuna baridi na unyevu, kitabu kinakaa chumbani juu ya kabati, mbali na ukuta wenye ukungu.

Pesa za picha, kwa njia, zilitoka kwa binamu. "Sitaki ziharibike," alisema. Hakusema alikuwa amebadili mawazo kuhusu takataka, na mimi sikumuuliza. Hoja yake ya programu za mazishi ilikuwa imefanya kazi yake: ilitulazimisha kutafuta mahali ambapo kubana kungekuwa dharau. Tulipapata. Palikuwa kwenye karatasi, kwenye uchapishaji na kwenye jasho la watu. Hapakuwa kwenye stika.

Shosho alipokipokea hakufanya yale ambayo ningependa kuwasimulia. Hakulia wala hakukumbuka majina yote. Alipita sura zetu haraka, kama mtu anayetafuta ukurasa fulani, akasimama kwenye kipande cha gauni lake la zamani, la bluu lenye maua meupe, ambalo shangazi alilikuta limechanika sandukuni. Akakisugua kwa kidole gumba. Akauliza kwa Kikuyu, sauti ya mama mwenye nyumba: "Na kilichobaki kiko wapi?"

Shangazi akamletea gauni lenyewe, lililokunjwa, lenye tundu la mraba. Shosho akalikagua, akalikunja tena kwa njia yake, akaliweka mapajani. Kuanzia hapo aliendelea na kitabu kwa utulivu, huku mkono mmoja ukiwa juu ya gauni.

Nimelifikiria swali hilo zaidi ya hoja zote za grupu. Mwanamke anayesahau jina langu hakusahau kwamba kitambaa kizuri hakitupwi na kwamba kilichokatwa lazima kiwe na pengine kilikobaki. Uwekevu kwake haukuwa mbinu ya mwisho wa mwezi. Ilikuwa tabia ya kuangalia vitu na kujua vimetoka wapi, vilikuwa vya nani, na vitamfaa nani tena. Tabia hiyo na mapenzi yake kwetu sidhani vilikuwa vitu viwili. Sweta la babangu lilikuwa la uzi uliofumuliwa kutoka sweta nyingine.

Sisi wa mjini tuna picha elfu sita kwenye simu na hatujachapisha hata kumi, kwa sababu tunasubiri tupate pesa za kufanya vizuri. Simu inaanguka kwenye matatu, na elfu sita zinaenda nayo. Kama unasubiri hivyo, anza na picha kumi. Nunua karatasi nzuri na umlipe anayekuchapishia bei yake. Vingine vyote viko nyumbani kwenu, kwenye sanduku au mkebe wa biskuti wenye nyuzi na vifungo. Uliza ni vya nani kabla hujachukua makasi, na umwambie mwenyewe kilichobaki utakiweka wapi.